Kishindo Kikubwa, Simanzi Hakuna

Wahenga walinena kuwa kifo cha wengi harusi. Kwa desturi methali hii hutumiwa kuliwaza: msiba ukiwapata wote hubebwa na wote, na mfiwa hajioni yu peke yake. Lakini yafaa leo tuitazame kwa upande wake wa pili, kwani humo ndimo ilimo siri ya jambo linalowasumbua wapenzi wengi wa senema. Kwa nini filamu kubwa kubwa za maafa, zile za gharika, zilzala, volkano na vimondo, zinazogharimu mamilioni ya dola, humwacha mtazamaji na moyo mtupu? Miji mizima imezama mbele ya macho yake. Watu wasio na idadi wameangamia. Naye anajinyoosha, anapangusa bisi mapajani, na kuuliza kama gari la mwisho limekwisha pita. Kifo cha wengi kimekuwa harusi kweli, tena harusi ambayo yeye hamjui bwana wala bibi.

Maoni yangu ni kwamba kosa haliko kwenye mitambo. Mitambo ya siku hizi yaweza kuonyesha kitu chochote anachoweza kukiwaza binadamu. Kosa ni kwamba watengenezaji wa filamu hizi hudhani msiba hukua kwa kuongeza hesabu ya maiti, na hali msiba hukua kwa kumjua marehemu.

Nayasema haya nikiwa Nyalenda, mjini Kisumu, ambako nimeishi kwa miaka mingi ingawa kitovu changu kimezikwa Mombasa. Msomaji wa Pwani asiyeifahamu Nyalenda na aijue hivi: ni mtaa mkubwa wa watu wa kipato kidogo, umegawanywa Nyalenda A na Nyalenda B, nao unateremka kuelekea Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mto Auji hupita humo. Ardhi ni tambarare, na udongo wake mweusi hauyanywi maji upesi. Mvua kubwa ikinyesha, Auji hufurika na kuingia majumbani. Tena kuna ziwa lenyewe. Mwezi Mei mwaka 2020 lilipanda hata likaipita alama ya juu iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena kuizidi hiyo ya 2020. Kwa hiyo watu wa hapa wakikaa kutazama gharika ya Hollywood hawatazami jambo geni. Hulipima kama fundi anavyoipima kazi ya fundi mwenziwe.

NDANI YA KIBANDA

Mahali pa kutazamia ni kibanda cha video: chumba cha mabati, televisheni moja, mabenchi, na kiingilio cha shilingi chache. Mara nyingi filamu huwa imetiwa sauti ya msimulizi anayeeleza kila kitu kwa Kiswahili cha mitaani, kazi ambayo hapa Kenya imempa DJ Afro jina kubwa. Siku moja tulionyeshwa "2012", filamu ya Roland Emmerich iliyotoka mwaka 2009 kwa gharama ya kama dola milioni 200. Jimbo la California linaporomoka baharini. Baba mmoja anaendesha gari refu la kifahari akiinusuru familia yake, huku majumba yakianguka kushoto na kulia.

Jumba la kwanza lilipoanguka, kibanda kizima kilipiga kelele. La pili likapata kelele nusu. Kufika la tano au la sita, vijana walikuwa wamekwisha toa simu zao mifukoni. Ndipo mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akanigeukia. "Haya, wewe ja-Mombasa uliyesoma," akasema, "mbona hakuna hata mmoja aliyebeba godoro?"

Watu walicheka, lakini swali lile halikuwa la mzaha. Maji yakiingia usiku huku kwetu, mtu huinua kwanza mtoto, kisha huinua godoro. Sufuria huoshwa na viti hukaushwa, lakini godoro likilowa maji ya mafuriko limekwisha. Mama yule hakuwa akilalamika kwamba mawimbi ya filamu si ya kweli. Mawimbi yalikuwa mazuri kupita kiasi. Alilokosa ni mtu mmoja mwenye kitu cha kupoteza.

Mwishoni mwa filamu safina za mataifa makubwa zinaelekea Afrika, kwani bara letu limeinuka na kubaki juu ya maji. Kijana mmoja akashangilia, "Wanakuja kwetu!" Baada ya kitambo akauliza, "Na sisi wenyewe tuko wapi?" Hatukuonekana. Tulikuwa nchi kavu tu, ya watu wengine kutia nanga.

FEDHA HAZINUNUI MSHANGAO MARA MBILI

Nisimdanganye msomaji: filamu hiyo haikula hasara. Ilikusanya karibu dola milioni 800 duniani kote. Watu walikwenda kutazama jinsi dunia inavyobomoka, wakaiona, wakarudi makwao. Lakini mshangao ni bidhaa isiyouzwa mara mbili kwa mteja yule yule. Mwaka 2022 Emmerich huyo huyo alitoa "Moonfall", ambamo mwezi wenyewe unaiangukia dunia. Filamu ilitumia kama dola milioni 140, na mapato yake ya dunia nzima hayakufika milioni 70. Madoido ya picha hayakupungua. Kilichopungua ni hamu ya watu, kwa sababu aliyekwisha iona dunia ikiangamia hana haraka ya kuiona ikiangamia tena.

Wakongwe wa mchezo huu walilijua jambo hili. Mwaka 1972 ilitoka "The Poseidon Adventure", ya mtengenezaji Irwin Allen. Meli ya abiria inapigwa na wimbi usiku wa kuamkia mwaka mpya, inapinduka, tumbo likawa juu na sitaha ikawa chini. Kikundi kidogo cha abiria kinapanda kuelekea tumbo la meli, ambalo sasa ndilo paa, wakitumaini kuokolewa. Miongoni mwao yumo mama mnene, mtu mzima, aliyechezwa na Shelley Winters. Wenziwe wanamwona ni mzigo. Yuko safarini kwenda kumwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Inapofika mahali pa kuogelea chini ya maji, mama huyo, aliyekuwa bingwa wa kuogelea katika ujana wake, ndiye anayejitosa kumwokoa kiongozi wao. Kisha moyo wake unasimama. Aliyeitazama filamu hiyo huenda amelisahau wimbi. Mama huyo hamsahau.

Mwaka 2006 filamu hiyo ilitengenezwa upya na Wolfgang Petersen kwa jina la "Poseidon" tu. Gharama ilikuwa kama dola milioni 160. Wimbi lilikuwa kubwa zaidi, meli ilimeremeta zaidi, na kompyuta zilifanya kazi ambayo wazee wa 1972 hawakuiota. Huko Marekani ilikusanya kama milioni 60 tu. Wimbi lilikua, na mama yule hakuwamo.

Sisi wa ziwa hili tuna sababu nyingine ya kuikumbuka hadithi ya meli iliyopinduka. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza, nayo ikaelea kwa saa kadhaa tumbo likiwa juu. Ndani walikuwamo watu hai, na mapigo yao yalisikika. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili kuwafikia. Hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ikatoka, na meli ikazama. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Katika "The Poseidon Adventure" tumbo la meli linakatwa na watu sita wanatoka wazima. Aliyekumbwa na msiba wa Bukoba hawezi kuliona tundu lile la filamu kama wanavyoliona wengine. Kwake moto wa kukatia chuma una jina la ndugu, jina la mke, jina la mwanafunzi aliyekuwa akirudi shuleni.

WAHINDI NAO WALIYAJARIBU

Msomaji wa Pwani aliyelelewa na senema za Kihindi, enzi za Regal, Naaz na Majestic mjini Mombasa, ana mfano ulio karibu zaidi. B. R. Chopra alitoa filamu mbili zilizohusu maafa. Ya kwanza ni "Waqt" ya mwaka 1965, iliyoongozwa na ndugu yake, Yash Chopra. Ya pili ni "The Burning Train" ya mwaka 1980, iliyoongozwa na mwanawe, Ravi Chopra.

"The Burning Train" ilifuata mtindo wa Marekani: garimoshi jipya la mwendo wa kasi linashika moto na halisimamishiki. Waliokusanywa humo ni nyota wa anga nzima: Dharmendra, Hema Malini, Vinod Khanna, Parveen Babi, Jeetendra, Neetu Singh. Fedha nyingi zilitumika. Hata hivyo ilipotoka haikupokewa kama ilivyotarajiwa. Mtu alikuwa na nyota wengi wa kuwatazama, lakini hakuwa na mmoja wa kumwogopea.

Sasa itazame "Waqt". Zilzala yake haichukui ila muda mfupi, na leo mtoto yeyote atakuambia kuta zile ni za maboksi. Lakini kabla ya ardhi kutikisika tumekwisha kaa na Lala Kedarnath, aliyechezwa na Balraj Sahni: tajiri mwenye mke ampendaye na wana watatu, anayejigamba juu ya mipango yake kana kwamba kesho ni mali yake. Usiku huo huo nyumba inaanguka, na familia inatawanyika. Mwana mmoja anakulia mikononi mwa wezi, wa pili katika nyumba ya matajiri, wa tatu na mama yake katika umaskini. Filamu nzima iliyobaki ni ya watu wanaopitana njiani bila kujuana kuwa ni damu moja. Nakumbuka akina mama ukumbini wakiwaita kwa sauti, "Ndugu yako huyo! Mtazame!" Zilzala ilikuwa imekwisha kitambo, lakini kwao ilikuwa ingali ikibomoa.

Hapo ndipo zilipo tofauti mbili kubwa. Filamu inayogusa huanza kabla ya maafa, ili tujue kilichokuwapo; tena huendelea baada ya maafa, ili tujue kilichopotea. James Cameron, katika "Titanic" ya mwaka 1997, aliwaweka watazamaji zaidi ya saa moja na nusu kabla meli haijagonga barafu. Sote tulijua itazama, kwani meli ile ilizama kweli mwaka 1912, na zaidi ya watu 1,500 wakafa. Hata hivyo tuliketi tukiomba isizame.

Na tukitaka kielelezo cha juu kuliko vyote, Waislamu tunacho. Hasha, sisemi Kitabu kitukufu kifananishwe na senema. Nasema tu kwamba katika Sura ya Hud, habari ya gharika ya Nabii Nuhu inapofika kwenye mawimbi makubwa kama milima, mawimbi hayo yanatajwa kwa maneno machache sana. Kinachofuata ni baba anayemwita mwanawe apande, na mwana anayesema mlima utamkinga, kisha wimbi likaingia kati yao. Ulimwengu mzima unazama, na sisi tunaambiwa habari ya mtoto mmoja.

JICHO LILIPOOTA MBAWA

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya ufundi. Mwaka 1974 Marekani ilitoa "Earthquake" na "The Towering Inferno". Ya kwanza ilionyeshwa kwa vipaza sauti maalumu vilivyoitwa Sensurround, ili mtazamaji ausikie mtetemo mwilini. Ya pili ilihusu jumba refu linaloungua. Siku hizo wachezaji walisimama mbele ya moto wa kweli na maji ya kweli, na kamera ilibidi isimame mahali ambapo mtu angeweza kusimama: mlangoni, ngazini, nyuma ya bega la mtu. Kwa hiyo nasi tulisimama hapo pamoja nao.

Leo kamera ni ya kompyuta, nayo huruka. Inazunguka mnara unaoanguka, inapita chini ya wimbi, inapaa mawinguni kuutazama mji mzima ukididimia. Ni picha nzuri sana. Lakini anayeutazama msiba kutoka angani hana miguu ya kulowa. Akilini mwetu tunajua hapana mtu awezaye kuwapo hapo, na moyo, usipopata mahali pa kusimama, hukataa kuogopa.

Nisieleweke vibaya: siyalaumu madoido yenyewe. "Godzilla Minus One" ya Wajapani, iliyotoka mwaka 2023, ina dubwana linalobomoa mji, nayo ilipewa tuzo ya Oscar ya madoido ya picha mwaka 2024, ingawa gharama yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya zile za Hollywood. Lakini hadithi yake ni ya rubani mmoja wa vita anayeona haya kwamba yu hai. Dubwana linamfuata mtu tunayemjua. Kitu cha kutisha kimepata mtu wa kumtisha.

MAJI YASIYO NA KISHINDO

Sasa nirudi Nyalenda, kwani jambo hili si la starehe peke yake. Maji ya Nyalenda hayaji kama wimbi. Huanza kwa unyevu sakafuni. Asubuhi yamefika kifundoni, jioni yamefika gotini. Vyoo vya shimo hufurika na kuchanganyika na visima, na baada ya maji huja kuhara. Watu huhamia madarasani. Mwenye nyumba angali ataka kodi ya chumba kilichojaa tope. Hakuna hata dakika moja katika haya ambayo mtengenezaji wa senema angeiita kilele.

Mwaka 2020, ziwa lilipokuwa juu, jamaa yangu mmoja wa Mombasa alinipigia simu kuuliza hali. Nikamwambia maji yameingia nyumba za Dunga na Nanga. Akauliza, "Kwani kumekuwa na wimbi?" Nikamjibu hapana. Akasema, "Afadhali basi." Simlaumu. Amefundishwa na filamu miaka mingi kwamba maafa ni kishindo, na pasipo kishindo hapana maafa. Hii ndiyo hasara kubwa ya senema hizi, kuliko ile ya kiingilio. Zinalizoesha jicho kutafuta wimbi, hata likashindwa kumwona mtu aliyesimama ndani ya maji ya magoti kwa wiki tatu. Mama yule muuza omena alilipoteza godoro lake mwaka huo, na wanawe wakalala juu ya magunia darasani. Nilipoyajua hayo ndipo nilipolielewa swali lake.

Zipo filamu zilizoufahamu ukweli huu. "The Impossible" ya mwaka 2012, ya mwongozaji J. A. Bayona, yahusu tsunami ya tarehe 26 Disemba 2004, ile iliyofika hata kwetu Pwani, ambako mtu mmoja alikufa maji Malindi. Tsunami inapita mapema katika filamu. Muda wote unaobaki ni wa mama aliyejeruhiwa, hospitali iliyojaa, na mtoto anayepita kitanda hadi kitanda akiwa na orodha ya majina ya watu wanaotafutwa. Ni watu wa familia moja. Nimewaona watu wazima wakijifuta machozi.

Na hapa petu ipo "Watu Wote" ya mwaka 2017, filamu ya dakika 22 tu iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg wakiongozwa na Katja Benrath. Inahusu basi lililoshambuliwa karibu na Mandera mwezi Disemba 2015, na abiria Waislamu waliokataa kuwatenga wenzao Wakristo. Hakuna mji uliobomolewa. Kuna basi, vumbi, na mwanamke mmoja anayeazimwa vazi la kujisitiri. Filamu hiyo ndogo ilifika kwenye orodha ya Oscar mwaka 2018.

Kwa hiyo vijana wetu wanaojifunza kazi ya kamera, Kisumu na Mombasa, wasivunjike moyo kwa kukosa mamilioni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka si mbali na nchi kavu, na watu 272 wakafa, wengi wao wakienda kazini. Atakayeitengenezea filamu siku moja hahitaji wimbi la kompyuta. Na aanze na nyumba moja ya Mtongwe alfajiri ile, mtu anatafuta kiatu chake, mkewe anamwambia chai itapoa, naye anajibu ataikuta jioni. Tukishawajua hao wawili, feri na iondoke.